Usiniambie Salama

Nilizaliwa Gulwe, ambako maji huonekana wiki chache tu kwa mwaka, na yakija huja kwa fujo, yang'oe reli, yazoe mashamba, kisha yatuachie mchanga. Sikujifunza kuogelea mpaka nilipotimiza miaka ishirini na minne, tena katika bwawa la hoteli Dodoma mjini, nikiwa nimevaa fulana ya chuo juu ya nguo ya kuogelea kwa aibu. Kwa hiyo mtu akishangaa kusikia kwamba kazi yangu ni kupiga mbizi, simlaumu. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani kwamba niko kwenye mambo ya maji, nao wanadhani nasoma mita.

Huku uwanda wa kati hatuna bahari, lakini maji yaliyofichwa tunayo mengi. Kuna mabwawa ya udongo, matangi ya zege, na makalvati marefu yanayopita chini ya matuta. Vyote huziba na kukwama, na lazima mtu aingie kuangalia. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu tulimwita mwalimu, mtu wa makamo mpole aliyechomelea vyuma chini ya maji bandarini kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Wa pili alikuwa mwenzangu, mtoto wa Kondoa, aliyeanza kazi siku moja na mimi. Nilimwita kaka, naye aliniita dada, na kutaniana ndiyo ilikuwa chai yetu ya asubuhi. Kila akiingia majini, neno lake la kwanza kwenye simu ya waya lilikuwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa," kwa lafudhi yake ya Kirangi, halafu anauliza kama watu wa Gulwe wanajua juu ya maji ni upande gani. Mimi humjibu kwamba mtu wa Kondoa hata akizama atauliza kwanza maji yanauzwaje.

Mwaka ule mwalimu alileta mashine mpya ya pumzi. Mtungi wa kawaida unakupa hewa, unaivuta, unaitoa, inapanda juu kwa mapovu, basi, imepotea. Mashine hii haipotezi kitu. Pumzi unayoitoa inapita kwenye mpira, inaingia kwenye kopo lililojaa chembe za chokaa, chokaa inanyonya hewa chafu, oksijeni kidogo inaongezwa, na unaivuta tena pumzi yako ileile. Ndani ya kalvati la zamani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mapovu hugonga dari, huangusha kutu na matope, na baada ya dakika tatu huoni hata kiganja chako. Kwa mashine hii unaweza kukaa chini muda mrefu, kimya, maji yakiwa yametulia.

Pamoja na mashine ilikuja barakoa ya uso mzima. Inakushika kuanzia paji la uso hadi chini ya kidevu, kioo kimoja kipana mbele, mikanda mitano nyuma ya kichwa. Hung'ati kitu mdomoni, kwa hiyo unaongea na aliye juu kama mtu wa simu. Na maji yetu, ambayo ng'ombe hunywa na kujisaidia humo humo, hayakugusi midomo. Mwalimu alisema faida kubwa kuliko zote ni nyingine. Anayeng'ata mpira wa mtungi wa kawaida akizimia, mdomo hufunguka na anakunywa maji, basi. Aliyevaa barakoa akizimia, uso wake unabaki mkavu. Aliyasema haya kwa furaha, kama muuza godoro, na mimi nikasikia neno moja tu, kuzimia.

Ndani ya barakoa kulikuwa na kikombe laini cha mpira kinachofunika pua na mdomo. Kazi yake ni kuipeleka pumzi yako moja kwa moja kwenye mpira, ikasafishwe na chokaa. Kikombe kisiposhika vizuri, pumzi chafu inabaki ikizungukazunguka nyuma ya kioo na unaivuta tena kabla haijasafishwa. Tulipewa vikombe viwili, kikubwa na kidogo. Uso wangu ni mwembamba, kwa hiyo mimi nilivaa kidogo, na kaka alivaa kikubwa, na kila tukibadilishana barakoa tulitakiwa kubadilisha kikombe. Ni kazi ya dakika nne.

Niliichukia barakoa ile tangu siku ya kwanza. Mpira wa kung'ata ukikushinda, unautema. Barakoa huitemi. Mikanda ikishakazwa, unasikia pumzi yako mwenyewe masikioni, inaingia, inatoka, na unaanza kuihesabu, na mtu akianza kuhesabu pumzi zake ameshakwisha. Katika tangi la mazoezi nilikuwa nikishuka mita tatu na moyo unanipiga mpaka kwenye meno. Nikipanda juu, mwalimu ananiuliza ilikuwaje, nami najibu ilikuwa nzuri. Nilikuwa na mdomo mrefu kwa kila kitu kingine. Ninagombana na makondakta, ninagombana na mafundi, ila kusema naogopa kulinishinda.

Mwalimu alitufundisha kanuni moja kwa kuirudiarudia hadi tukaichoka. Alisema pumzi chafu haina harufu wala ladha. Inakuhemesha, inakuuma kichwa, kisha inakulewesha, na mlevi hajui kama amelewa. Kipimo cha mkononi kinasoma oksijeni tu, uchafu hakiusomi, kwa hiyo namba zinaweza kuwa nzuri huku mtu anakufa. Anayeshika kamba na simu asimuulize aliye chini kama yuko salama. Amuulize kitu cha kufikiri, ahesabu kurudi nyuma au ataje vituo vya basi. Akikosea, avutwe.

Tulicheka. Mwalimu mwenyewe alicheka, maana alijua anapambana na nini. Sisi ni watu ambao ukimkuta mtu msibani, macho yamemvimba, ukamuuliza habari za hapa, atakujibu nzuri, isipokuwa tumefiwa na baba. Kwanza nzuri, halafu kifo. Mgonjwa anatapika kwenye beseni, ukimwambia hujambo, anajibu sijambo. Ni adabu, hatukuichagua. Kwa hiyo tulitaja vituo vya basi mara mbili tatu, mwalimu akiwa anatusikiliza, kisha tukarudi kwenye mazoea. "Salama?" "Salama."

Kazi iliyonifanya niandike haya ilikuwa kwenye bwawa la kijiji kimoja upande wa Busi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua bado, upepo mkavu unapasua midomo. Chini ya tuta la bwawa kulikuwa na kalvati la zege lenye urefu wa kama hatua arobaini, na mwisho wake, upande wa mashamba, kulikuwa na koki ya kutolea maji. Koki ilifunguliwa na maji hayakutoka. Kitu kilikuwa kimeziba ndani. Mvua ikinyesha na njia ya maji imeziba, bwawa litajaa mpaka maji yapite juu ya tuta, na tuta la udongo likianza kupitiwa juu halidumu. Chini yake kulikuwa na nyumba. Wanakijiji walilijua hilo vizuri kuliko sisi, na asubuhi ile walikuja kukaa juu ya tuta, akina mama na kanga zao, wazee na fimbo zao, wakatutazama tukishusha vyombo.

Ilikuwa zamu yangu. Kaka alikuwa wa akiba, yaani akae kando na mtungi wa kawaida, tayari kunifuata nikipata tatizo. Kanuni ilisema hata wa akiba awe na uso uliokwanguliwa, maana barakoa haishiki juu ya ndevu. Ndevu zake alizifuga miaka sita na alizipenda, na kwenye tangi la mazoezi mwalimu alikuwa akimvumilia, barakoa ikivuja kidogo. Alizinyoa jana yake kinyozini Kondoa, na akatuambia kwamba mama yake alipomwona alimuuliza ni nani aliyemwibia mwanawe. Kidevu chake kilikuwa cheupe kuliko uso wote. Nilimcheka njia nzima.

Mwalimu alinikagua mwenyewe, mikanda, mipira, chokaa, kikombe kidogo. Aliporidhika alikwenda upande wa pili wa tuta pamoja na mwenyekiti wa kijiji, kuhakikisha koki imefungwa na hakuna atakayeigusa mtu akiwa ndani. Niliingia majini. Nilishuka mita tano nikiifuata kamba, maji ya rangi ya chai ya maziwa, hadi nikaufikia mdomo wa kalvati. Nikaingiza taa. Mwanga ulikwenda hatua mbili ukaisha. Nikaingiza kichwa na mabega.

Siwezi kusema nini kilitokea kwa sababu hakuna kilichotokea. Mashine ilifanya kazi na namba zilikuwa sawa. Ila kichwani nikaona wazi kwamba uso wangu umefungwa ndani ya kioo, na kioo kimefungwa ndani ya zege, na zege liko chini ya udongo, na watu wamekaa juu yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mikanda. Ulianza kuifungua. Nilipouona unafungua, nilirudi nyuma kwa miguu na makalio, nikapanda juu haraka, nikaivua barakoa nikiwa nimeshikilia majani ya ukingoni, na nikatapika.

Uso umeumbwa na haya. Tuta zima lilinitazama. Mama mmoja alinipa pole, na pole yake iliniuma kuliko tusi. Kaka alishuka hadi ukingoni, akachuchumaa, akanitazama kidogo, akasema, "Nipe mimi. Mwalimu akirudi nitakuwa nimeshatoka." Nilimvulia mashine, nikamvalisha, mimi nikashika mtungi wa kawaida na kamba na simu. Sasa wa akiba nilikuwa mimi.

Nilipomkaza mikanda, alinigusa mkono.

"Dada, hiki kinanibana puani."

Kikombe kikubwa kilikuwa kwenye kisanduku cha njano ndani ya gari, hatua hamsini kutoka pale. Nilijua. Siwezi kusema nilisahau, kwa sababu sikusahau. Nilikiona akilini pale kilipo, juu ya bisibisi. Lakini kukifuata maana yake ningepita mbele ya watu wote wale nikiwa na matapishi kwenye shingo, nirudi, nimvue, nianze upya, na mwalimu angetukuta tumesimama akauliza kwa nini si mimi niliye majini.

"Kitakaa tu ukishaingia," nikamwambia.

Akaniamini. Akaingia.

Nilimwachia kamba polepole. Simu ilikuwa na spika ndogo niliyoitundika shingoni. Sauti yake ilikuja, "Mbukwa," na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilicheka. Akasema watu wa Gulwe wamemwachia kazi kama kawaida. Alifika kwenye mdomo wa kalvati, akaingia, akawa ananieleza anachokiona. Zege zima. Matope mpaka viwikoni. Hatua kumi. Hatua kumi na tano, magunia ya mchanga, ya zamani, na gogo limekaa mkingamo. Nikamuuliza namba za oksijeni, akanisomea, zilikuwa nzuri. Nikamuuliza salama? Salama. Akaanza kulivuta gogo.

Nilisikia akihema. Nikajiambia ni gogo. Kila mtu akivuta gogo huhema. Nikauliza salama? Akasema salama. Baada ya muda nikamwomba namba, akasoma zilezile, nzuri, ila alichelewa kuzisoma. Kuhema kuliongezeka, kukawa kwa haraka na kwa juu juu, na katikati ya kuhema alitoa sauti kama ya mtu anayejigeuza kitandani. Nikauliza salama? Salama. Nikamuuliza tena, akasema salama tena. Sasa ninapokumbuka, naona kwamba sikuwa ninamuuliza yeye. Nilikuwa najituliza mimi. Kila aliposema salama, kikombe kikubwa kule kwenye gari kilinipungukia uzito kidogo.

Kilichonishtua ni utani. Nilimwambia kwamba gogo likimshinda aliulize bei. Kwa kawaida hilo lisingepita bila jibu. Zikaja pumzi tu. Kisha akasema, taratibu sana na kwa heshima, kana kwamba anaongea na mkwe wake, "Salama." Sikuwa nimemuuliza.

Niliishika kamba kwa mikono miwili. Nikasema, "Kaka, toka Kondoa kwenda Dodoma. Nitajie vituo."

"Kondoa," akasema.

"Halafu?"

"Kondoa."

"Halafu wapi, kaka? Chemba, halafu wapi?"

Pumzi, pumzi, pumzi. "Salama tu."

Pembeni ya barakoa kulikuwa na kishikio cha kugeuza, kinachokutoa kwenye mashine na kukupa hewa safi ya mtungi wa dharura. Nikampigia kelele akigeuze. Akajibu kwamba ameshakigeuza. Nilisikiliza. Hewa ya mtungi inaleta mngurumo na mapovu, na mimi nilisikia kimya cha mashine ileile. Hakuwa amegeuza kitu. Nikaanza kuvuta kamba na wazee wawili wakanisaidia bila kuambiwa. Alikuja, mzito, hatua kwa hatua, nami nikihesabu alama za mita kwenye kamba zikitoka majini, kumi na tano, kumi na mbili, tisa. Kwenye saba kamba ikagoma. Kwenye spika nilisikia pumzi moja, kisha muda mrefu, kisha nyingine. Nikaacha kusikia sauti ya mtu.

Nilivaa mtungi wa kawaida na miwani midogo ya macho. Nawaambieni ukweli, nilisimama. Labda sekunde tatu, labda kumi. Miguu yangu ilikuwa ndani ya maji na ilikataa, na katika sekunde hizo nilipima kama kuna mtu mwingine yeyote duniani anayeweza kuingia badala yangu. Mwalimu alikuwa anakimbia juu ya tuta, mbali bado. Mama yule aliyenipa pole alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nikazama.

Maji yalikuwa yameshachafuka, kwa hiyo sikuona kitu. Niliishika kamba, nikashuka kwa mikono. Mdomo wa kalvati niliujua kwa kuugonga na paji la uso. Nikaingiza mkono, nikashika mguu, nikapapasa juu, kiuno, mkanda wa mashine umenasa kwenye nondo iliyotokeza kwenye zege. Hakunisukuma wala hakunishika. Ilibidi niingie mwili mzima, mahali palepale nilipopakimbia, nikiwa nimelala juu ya mgongo wake, dari ikinikwangua mtungi. Nikanyoosha mkono mpaka usoni pake. Nilitegemea kukuta mdomo uliojaa maji. Nikakuta kioo. Nyuma ya kioo, nilipokisogeza kwenye taa yangu, uso wake, mkavu, kidevu cheupe, macho nusu wazi. Nikapapasa kishikio, nikakigeuza. Hewa ikanguruma. Mapovu yakatoka pembeni, mara moja, nikangoja, yakatoka tena.

Barakoa niliyoichukia ilikuwa imemshikia roho. Na kikombe nilichokiacha humo ndicho kilichotaka kuitoa.

Nilikata mkanda ulionasa kwa kisu, nikalipiga kalvati teke, tukapanda. Mwalimu alituvuta ukingoni, akamlaza ubavu, akamvua barakoa. Kaka alihema, akatapika, akalia kidogo bila machozi. Mwalimu alimuuliza yuko wapi. Akafumbua macho, akamtazama mtu aliyemheshimu kuliko sote, akamjibu.

"Salama, mwalimu. Shikamoo."

Watu juu ya tuta walimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikwenda nyuma ya gari peke yangu.

Mwalimu alipoifungua barakoa alikikuta kikombe kidogo. Alikishika kiganjani muda mrefu. Alituuliza hospitalini, mimi nikiwa nimesimama na kaka kalala, ilikuwaje. Kaka alisema hakumbuki kitu tangu aliposhuka ukingoni kunitazama. Hewa chafu ilikuwa imemfutia yote yaliyofuata asubuhi ile. Mwalimu akanigeukia. Nikasema kulikuwa na haraka na tulisahau kubadilisha. Tulisahau, wawili. Akaniambia pole, akajilaumu mwenyewe kwa kuondoka ukingoni. Nikamwacha ajilaumu.

Siku ya pili mama yake kaka alifika. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa ameshaambiwa kwamba ni mimi niliyemfuata mwanawe chini. Aliniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri, mama.

Neno hilo ndilo lililonikosesha raha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na nilianza kuona kwamba kifo kilikuwa hakijachoka kunitafuta. Nilirudi Dodoma. Nilikuwa nikipiga mswaki nasikia pumzi kwenye spika. Sikuogopa tena kalvati. Niliogopa kaka akumbuke. Niliogopa pia asikumbuke, nikae na jambo lile peke yangu mpaka nizeeke, nikipokea shukrani za mama wa watu kila Idi.

Baada ya wiki mbili nilipanda basi la Kondoa. Nilivitaja vituo vyote kimoyomoyo tulipovipita, Mayamaya, Haneti, Chemba. Nilipobisha hodi, mama yake alifungua kwa furaha, akauliza habari za Dodoma, nikamjibu nzuri tena, siwezi kujizuia. Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, ndevu zimeanza kurudi, fupi na za vipele. Mama alikwenda jikoni. Sikungoja chai.

"Kaka, uliniambia kikombe kinabana. Kile kikubwa nilijua kiko kwenye gari. Niliona aibu kukifuata. Nikakwambia kitakaa tu."

Alinitazama. Nilimwona akiitafuta ile asubuhi kichwani mwake na asiikute. Alijikuna kidevu. Kuku walipita. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa na tusi lolote, hata la kunifukuza.

"Mwalimu anajua?"

"Nitamwambia kesho. Nimeanza na wewe."

Sauti yake ilipotoka ilikuwa na hasira, lakini hasira ya pole pole. "Ungeniua, dada." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi uliponiuliza, nikakwambia salama. Kichwa lazima kilikuwa kinapasuka. Mimi nakwambia salama."

"Mara nne," nikasema. "Nilihesabu."

Mama akaleta chai na maandazi, tukanywa watatu, na hakuna aliyetania.

Mwalimu nilimwambia kesho yake. Alinisimamisha kazi mwezi mzima, na alikuwa na haki. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Busi, kalvati bado limeziba, na yeye umri na masikio havimruhusu kushuka. Kaka hakuruhusiwa na daktari, tena ndevu zake, alisema, hazinyolewi tena kwa ajili ya mtu. Siku ya tisa mwalimu akanipigia simu.

Tukarudi kwenye tuta lilelile, na watu walewale. Kaka alishika kamba, na mwalimu, masikio au la, alikaa kando na mtungi wa akiba. Alikifunga kikombe kidogo mwenyewe, akaingiza kidole pembeni kukijaribu, akanivalisha barakoa, akakaza mikanda mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa karibu na kioo. Hakuniambia mbukwa.

"Nisikilize," akasema. "Mimi sitakuuliza kama uko salama. Wewe utaniambia unachosikia mwilini, chote, bila adabu. Siku ukiniambia salama, navuta."

Nilishuka. Maji ya chai ya maziwa, kamba, mita tano, zege. Nikaingiza taa na mwanga ukaisha baada ya hatua mbili, kama mwanzo. Pumzi yangu ilikuwa masikioni, nikaanza kuihesabu. Mkono wangu ulikuwa unapanda.

"Dada," spika ikasema. "Unasikia nini?"

Nilikuwa na neno lingine tayari mdomoni. Nililimeza.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa sana, kaka. Mkono unataka kufungua mikanda."

"Vizuri. Endelea kuniambia."

Nikaendelea kumwambia, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye gogo.